Hatua ya sita

Jumatano, saa tano usiku, hosteli.

  Najua nimepotea kama mwezi mzima na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa field, nimerudi chuo wiki mbili zilizopita, na tangu nirudi kuna jambo limenikaa kichwani hata kusoma kwa raha sisomi. Leo limenizidi, ndiyo maana niko macho wakati mwenzangu wa chumba anakoroma.

Nawaonya mapema, leo ni historia ndefu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, sasa mkija hapa mnategemea nini? Mwishoni pia nitakiri kitu. Msirukie mwishoni lakini, historia ndiyo inayofanya nikikiri.

Ilivyoanza. Jioni ya leo tulikuwa na jumuiya. Kwa wasiojua, sisi Wakatoliki mbali na Misa ya Jumapili tuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mtaani ni familia kumi, kumi na tano hivi zilizo jirani, zinakutana nyumba hadi nyumba, mara nyingi Jumamosi alfajiri. Hapa chuoni hatuna familia, kwa hiyo jumuiya inafuata mabweni na hosteli. Ya kwetu ina watu kama kumi na wanane, wakija wote, na mimi ndiye katibu. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja kwa ile njia ya hatua saba iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya kwanza kumkaribisha Bwana, ya pili kusoma, ya tatu kuchagua maneno yaliyokugusa na kuyarudia, ya nne kukaa kimya, ya tano kushirikishana. Ya sita ni kuulizana Neno hili linatutaka tufanye kazi gani. Ya saba ni sala.

Sasa leo tulipomaliza ya tano, mwenyekiti akasema, "Hatua ya sita, matangazo na michango." Tukatangaziwa mchango wa sare ya kwaya, mchango wa mwenzetu aliyefiwa, na safari ya hija. Tukasali, tukaondoka. Hakuna aliyeshtuka, hata mimi katibu sikushtuka, niliandika kwenye daftari kama kawaida. Nilipofika chumbani nikafungua kurasa za nyuma za daftari lile. Mwaka mzima uliopita hatua ya sita imeandikwa "michango". Nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikajiuliza, hivi jumuiya ilianzishwa kwa ajili ya nini?

Haya, twende darasani kidogo. Kati ya 1962 na 1965 maaskofu wa dunia nzima walikutana Roma kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Watu wengi wanaukumbuka kwa sababu ya lugha, maana baada yake Misa ikaanza kusaliwa kwa Kiswahili badala ya Kilatini na ngoma zikaingia kanisani. Lakini kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Mtaguso ulitoa hati nzima juu ya utume wa walei, Novemba 1965, yaani juu ya watu wa kawaida wasio mapadre wala watawa. Na mwezi uliofuata, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, maaskofu waliandika kwamba kutenganisha imani na maisha ya kila siku ni moja ya makosa mazito ya zama hizi. Waliandika hivyo kabla hata mama yangu hajazaliwa.

Afrika haikusubiri sana. Maaskofu wa Kongo walishaanza kuongelea jumuiya hai za Kikristo mwaka 1961, hata Mtaguso haujaanza. Huku kwetu maaskofu wa Afrika Mashariki wanakutana kupitia chombo chao kinachoitwa AMECEA. Mwaka 1973 walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka inayokuja, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, mahali ambapo watu wanaishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakakutana tena na kulifanya jambo hilo kuwa kipaumbele. Kumbuka Tanzania ya wakati huo, Azimio la Arusha limeshapita 1967, vijiji vya ujamaa vimejaa, kila mtaa una balozi wa nyumba kumi. Mtu akiambiwa majirani wakutane, wajadili mambo yao na kusaidiana, alijua unaongelea nini.

Lakini ona maneno yale, "mahali watu wanapoishi na kufanya kazi". Jumuiya haikuletwa ili parokia ipate mahali pa kukusanyia zaka, ingawa zaka ni muhimu na mama yangu kule Mpanda ni mweka hazina wa jumuiya yake, akisoma hapa asinielewe vibaya. Ililetwa ili Neno la Jumapili lifike sokoni, shambani, ofisini na darasani. Na mlango wa kupitia ni ile hatua ya sita. Ukiifunga, mtu anatoka kwenye jumuiya kama alivyoingia, ila mfukoni pamepungua.

Mtu ataniambia mambo ya walei ni mapya, zamani dini ilikuwa ya mapadre. Hata mimi niliamini hivyo mpaka nilipoanza kusoma vizuri. Angalia Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakakusanya watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wakiwa watoto. Tusipake rangi, maisha ya pale yalikuwa ya kengele, shamba na sheria kali, na wapo waliolalamika na waliotoroka. Ila walipotaka kwenda bara hawakupeleka padre peke yake. Walipofungua Mhonda mwaka 1877 na Mandera 1881, walikwenda pia na familia za Kikristo zilizotoka Bagamoyo, mume na mke waliooana misheni, wakapewa shamba na kujenga nyumba. Kwa hiyo mwenyeji wa kule hakumwona padre tu. Alimwona pia jirani mpya anayelima, anayegombana na mke wake na kupatana naye, anayekopa chumvi na kuirudisha au kutokuirudisha. Dini ilipimwa kwa jirani huyo.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza na Wabelgiji walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani, wamisionari wengi wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, hasa Wabenediktini wa kusini. Misheni zikabaki bila mapadre. Kama imani ingekuwa ya padre peke yake ingekufa pale pale. Makatekista ndio waliobaki. Walifundisha, walibatiza waliokuwa kufani, walizika, waliongoza sala za Jumapili bila Misa, na kesho yake walikwenda shambani kwao kama mtu mwingine yeyote. Mapadre waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta Wakristo wanawasubiri. Kitabuni jambo hili lina aya moja. Mimi nadhani lingestahili sura nzima.

Sasa nije kwa mtu ambaye ndiye hasa ameninyima usingizi.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Karema, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Tulipokuwa wadogo, tukilia kuchomwa sindano, alikuwa anatuambia, "Mngemkuta Daktari Atimani mngelia nini?" Sikujali. Nilidhani ni daktari fulani wa Kihindi wa zamani. Nimekuja kumjua Adrian Atiman nikiwa mwaka wa pili, kwenye kitini cha historia ya Kanisa, nikampigia bibi simu palepale. Akacheka. "Si nilikuwa nawaambia?"

Atiman alizaliwa mnamo 1866 mbali sana na sisi, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto aliibiwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Huko kaskazini, Algeria, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimnunua na kumpa uhuru. Shirika hilo lilianzishwa na Kardinali Lavigerie, na yeye alikuwa na wazo lake. Vijana wa Kiafrika waliokombolewa wapelekwe kisiwa cha Malta wakasomee udaktari, kisha warudi Afrika kama madaktari na makatekista kwa pamoja, kwa sababu daktari anakaribishwa katika kila nyumba. Atiman alibatizwa mwaka 1882, akapelekwa Malta, akasoma mpaka 1888. Mwaka 1889 akafika Karema.

Piga hesabu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu hivi. Mimi nina ishirini na tatu.

Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia wamisionari 1885. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea kuzunguka ziwa. Huyu kijana aliyewahi kuuzwa mwenyewe anafika mahali ambapo watu bado wanauzwa, hana ndugu hata mmoja, lugha haijui. Angeweza kuwa na hasira na dunia nzima na hakuna ambaye angemlaumu. Alianza kutibu watu. Akaoa hukohuko, akajenga familia, na mtoto wake mmoja akawa padre. Akaendelea kutibu na kufundisha dini chini ya Wajerumani, kupitia vita, chini ya Waingereza, mpaka alipofariki mwaka 1956. Kutoka 1889 mpaka 1956 ni miaka sitini na saba, na yote aliimalizia Karema.

Bibi anasema mama yake alitibiwa na Atiman. Nilimuuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikitegemea nisikie habari za miujiza au mahubiri makali. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Mama alikuwa anasema alikuwa anakuja." Nikauliza, anakuja kivipi? "Ukimwita usiku, anakuja." Basi, hiyo ndiyo habari iliyobaki kwenye familia yetu baada ya miaka yote. Alikuwa katekista lakini hawakukumbuka alifundisha nini, walikumbuka kwamba ukimwita anakuja. Hakuwa na kazi huku na imani kule. Kufunga kidonda vizuri ndiko kulikuwa kumwamini Mungu, na kama angekifunga vibaya, katekisimu yake ya jioni nani angeisikiliza?

Na kwa kuwa mimi nasomea ualimu, lazima nimtaje mwalimu pia. Najua Mwalimu Nyerere anajadiliwa sana na kila mtu ana lake, mimi nataka kipande kimoja tu. Julius alibatizwa Desemba 1943, akiwa mtu mzima, kwa kuchagua mwenyewe, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa ualimu Makerere. Yaani alikuwa kama sisi. Alifundisha shule ya Mt. Maria, Tabora, kuanzia 1946, na baada ya kusoma Edinburgh akafundisha historia Pugu. TANU ilizaliwa Julai 1954 na mwaka 1955 akaambiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha kazi, mtu mwenye mke na watoto, bila mshahara. Kwa muda alirudi nyumbani Musoma, akawa anawafundisha mapadre wa Maryknoll Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri. Baadaye akiwa rais, mwaka 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Sheria ya elimu ya 1969 ikazichukua shule nyingi za madhehebu, zikiwemo za Kanisa lake mwenyewe, ili watoto wa dini zote wasome pamoja.

Unaweza kusema alikosea kuhusu shule. Wapo maprofesa wanaosema hivyo na wana hoja zao. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa anasali Misa hata siku za juma, na imani yake haikumfanya aipendelee parokia yake kwa mali ya umma. Tangu 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu na mchakato wake unaendelea. Mimi siandiki kumtangaza mtakatifu, hiyo si kazi ya mwaka wa tatu. Nasema tu kwamba kwake Jumatatu ilikuwa na swali lilelile la Jumapili.

Haya. Nilisema nitakiri.

Mwaka jana bumu lilichelewa. Si mara ya kwanza na wanachuo wenzangu mnajua hali inavyokuwa, unapiga pasi ndefu, unakula mara moja saa kumi jioni ili ihesabike ni mchana na usiku. Jamaa mmoja wa kozi nyingine akaniambia, "Wewe si unaandika vizuri, niandikie asainimenti nikupe elfu kumi." Nikaandika. Akapata alama nzuri, akawaambia wenzake. Msinambie habari za akili mnemba, baadhi ya wahadhiri wetu wanataka kazi iandikwe kwa mkono na itokane na mambo waliyofundisha darasani, kwa hiyo soko lipo. Mimi naandika, mteja ananakili kwa mwandiko wake. Kazi fupi sh. 10,000, ndefu sh. 15,000. Bumu lilipotoka sikuacha. Kwa semesta mbili niliandika kazi 26 na kupata sh. 310,000. Hesabu hii ninayo kwa sababu niliiandika kwenye daftari lilelile la ukatibu wa jumuiya, kurasa za nyuma. Mbele hatua saba, nyuma wateja.

Na wateja walikuwa tisa, wawili wakiwa wanajumuiya. Tunakaa duara moja Jumatano, tunashirikishana Neno, tukitoka nje ananiuliza, "Ile ya Ijumaa imefika wapi?" Dhamiri haikunisumbua hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikilifikiria sasa. Nilikuwa najiambia si wizi, hakuna aliyeibiwa, wote tumenufaika. Jumapili napanda kwaya, naimba besi kwa nguvu zote.

Halafu nikaenda field. Shule ya kutwa, kijijini, kidato cha pili wanafunzi sabini na kitu. Nikawapa kazi ya nyumbani juu ya biashara ya utumwa. Kusahihisha, nakuta madaftari mawili yanafanana neno kwa neno, mpaka kosa ni lilelile, wote wawili wameandika kwamba Bagamoyo iko Zanzibar. Nikawaita ofisini, fimbo iko mezani kama kawaida ya ofisi zetu. Nikamuuliza aliyenakili, kwa nini umemwibia mwenzako? Mtoto akaniangalia, hana hata wasiwasi. "Sijamwibia mwalimu. Nilimpa buku."

Shilingi elfu moja. Yule mwingine akatikisa kichwa kukubali, kweli alipewa.

Wandugu, nilikaa kimya mpaka mwalimu wa meza ya jirani akageuka kuniangalia. Maneno yote niliyotaka kumwambia yule mtoto yalikuwa ni yale ambayo ningepaswa kujiambia mwenyewe. Kwamba anayelipa hajui kitu na siku moja atasimama mbele ya watu hajui kitu. Na mimi wateja wangu ni walimu watarajiwa! Mwakani wawili watatu kati yao watakuwa mbele ya darasa kama lile, wakifundisha somo ambalo mimi ndiye niliyelisoma kwa niaba yao, na watoto sabini watatoka wakiamini Bagamoyo iko Zanzibar. Sasa hakuna aliyeibiwa? Wanaoibiwa wako sabini kwa kila darasa, ila hawajafika bado. Niliwaambia wale watoto warudie kazi, kila mtu peke yake, mbele yangu, na fimbo nikaiacha mezani. Usiku ule ndipo nikamkumbuka Atiman. Watu wa Karema wangefanyaje kama mtihani wake wa Malta angefanyiwa na mtu mwingine?

Niliporudi nilikwenda kuungama. Ya kitubio hubaki kitubioni, lakini langu naruhusiwa kulisema. Padre hakunipa hotuba. Aliniuliza swali moja, "Utarudishaje?" Mimi nilidhani nitapewa rozari moja niondoke. Pesa nilishakula. Alama zilishaingia kwenye matokeo. Narudisha nini?

Nilichoweza kufikiria ni hiki. Niliwatafuta wote tisa, nikawaambia biashara imefungwa, na kwamba kila Jumamosi saa nane mchana nitakuwa kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba, tusome pamoja zile mada nilizowaandikia, bure, mpaka tuzimalize. Mmoja alinicheka, "Umeokoka lini?" Mmoja wa jumuiya alikasirika kweli, ana kazi mbili za kuwasilisha wiki hii na alikuwa ananitegemea, hanisalimii mpaka leo. Jumamosi ya kwanza walikuja wawili. Jumamosi iliyopita walikuja wanne. Tulianza na ya kwanza kabisa niliyoiuza, tukakaa saa mbili, na kumbe hata mimi kuna sehemu nilikuwa nimeiandika kwa kupamba tu bila kuielewa.

Pasi ndefu zimerudi. Siwadanganyi, jana nilipita nje ya steshenari, mwaka wa kwanza mmoja akaniita pembeni, ana 20,000 mkononi, kazi ya kurasa sita. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyopaswa kwa mtu aliyeungama majuzi tu. Nikamwambia aje Jumamosi. Sijui kama atakuja.

Na kuna ambalo sijafanya. Sijaenda kwa wahadhiri. Nikienda naweza kufukuzwa, na siendi peke yangu, nabeba na wengine tisa ambao hawajaniruhusu niwabebe. Wazazi wangu wameuza mahindi nifike hapa. Kuna siku naona kukaa kimya ni hekima na kuna siku naona ni woga tu umevaa nguo za hekima. Bado sijapata jibu, na nikijifanya nimelipata nitakuwa nawauzia nyie nayo.

Ninachojua ni hiki kimoja. Wale wa Mhonda, wale makatekista wa wakati wa vita, Atiman kwa miaka 67, hawakuwa na jumuiya yenye hatua saba zilizochapwa kwenye karatasi. Lakini ile ya sita walikuwa wanaifanya, kwenye jembe, kwenye kaburi, kwenye kidonda. Sisi karatasi tunayo, na hatua tumeigeuza kuwa michango.

Jumatano ijayo zamu ya kuongoza ni yangu. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba matangazo yatakuja mwisho, baada ya sala, na kwamba tukifika ya sita nitauliza swali kama lilivyoandikwa na tutakaa nalo hata kama hakuna anayeongea. Wa kwanza kujibu nitakuwa mimi. Yule asiyenisalimia atakuwepo, yeye hakosi jumuiya. Niombeeni.

Saa saba kasoro sasa, na saa moja asubuhi nina kipindi. Bibi, kama mjukuu wako mwingine anakusomea haya, shikamoo, likizo nakuja Karema unioneshe lilipo kaburi la Daktari.

Tuonane panapo majaliwa.